Kwaheri ya Bi Edinah Nafuna, Aliyebaki Ofisi ya Vibali vya Bunduki

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kamishna wa Mpango wa Kurahisisha Serikali, pamoja na ujumbe wako mzima kutoka Kampala. Waheshimiwa madiwani mliopewa hema lenye kivuli. Sheikh wetu na Mchungaji wetu, mliotuombea dua ndefu kana kwamba mlijua nitapewa kipaza sauti. Maafande wa vyeo vyote. Wenzangu wenye kampuni za ulinzi mliotoka Iganga, Tororo na Mbale. Jamaa zetu wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Na wewe Bi Edinah Nafuna, ambaye viti vyote hivi vimekodiwa kwa heshima yako ingawa wewe mwenyewe wamekukalisha karibu na jenereta: Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Kodheyo kwa wenyeji wa Jinja, na mulembe kwa ndugu zangu wa Mbale.

Kwa wasionijua, mimi ni Hajati Swabrah Naigaga, wa Mpumudde. Nina kampuni ndogo ya ulinzi aliyoniachia marehemu mume wangu, na askari wangu wanalinda maghala, mashine za kusaga na maduka, hapa Jinja na kule Mbale. Leo nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wateja wa ofisi hii inayofungwa. Mshereheshaji wetu, Bruhan, aliponipa kipaza sauti alinong'ona: "Hajati, shukuru tu, usieleze." Bruhan mwanangu, nitashukuru. Lakini mtu hushukuru kwa jambo, na jambo lisipoelezwa, wageni watadhani nashukuru kwa soda.

Nitasema Kiswahili. Najua wako humu watu wa umri wangu ambao wakisikia Kiswahili, lugha ya wanajeshi wa enzi zile, bado wanatafuta mlango wa nyuma. Msiogope. Baba yangu alikuwa mpishi katika kambi ya jeshi, na Kiswahili alichonifundisha ni cha jikoni: kina moto, lakini hakipigi mtu risasi. Tena tunazungumza habari za bunduki. Kuna lugha gani nyingine inayofaa?

Mheshimiwa Kamishna, nimeisikiliza hotuba yako kwa makini. Umesema serikali ilikuwa imenenepa, ikabidi ipunguzwe mwili ili iweze kukimbia kumhudumia mwananchi. Tumepiga makofi. Mimi pia nimepiga. Nilitaka tu kuuliza, kwa adabu zote: katika kupunguza mwili, kwa nini mlianza na miguu?

Maana tuliokuwa tukija hapa tuliona kwa macho. Ofisi hii ndiyo iliyotoa vibali vya bunduki kwa upande wetu wote wa mashariki. Kibali cha bunduki hakidumu milele. Kinapokwisha unaleta ombi. Mkaguzi anakuja anaitazama bunduki, anasoma namba iliyogongwa kwenye chuma. Askari atakayeibeba anachukuliwa alama za vidole. Kisha kibali kipya kinatoka. Kibali kikiisha kabla ya kipya kutoka, sheria inataka bunduki ipelekwe kwenye ghala la polisi, ikae huko mpaka karatasi zikamilike. Ni sheria nzuri. Bunduki bila karatasi ni kitu cha kutisha, na mimi mwenyewe nalala vizuri nikijua sheria hiyo ipo. Sina ugomvi nayo hata kidogo.

Basi upunguzaji ukaja. Wakaanza na dereva, Zubairi, aliyekuwa akimpeleka mkaguzi Mbale, Tororo, Soroti. Wakasema dereva ni gharama. Zubairi akaenda. Mkaguzi, Bwana Ojwang, akawa hana wa kumpeleka, akabaki ofisini akitazama ukuta. Wakaja watu wa tathmini kutoka Kampala, wamevaa miwani mizuri, wakamkuta amekaa. Wakaandika: mkaguzi huyu hakagui. Naye akaenda. Akabaki Santa, binti wa alama za vidole. Lakini alama za vidole bila mkaguzi hazina pa kwenda, kwa hiyo wakasema kazi ya Santa haina matokeo. Santa akaenda. Mashine yake wakaiacha, imefunikwa kitambaa cha meza kama kinanda cha kanisa, kwa sababu mashine haidai pensheni.

Akabaki Edinah. Wakampa cheo kipya, Afisa Mapokezi. Apokee nini, ampelekee nani? Nadhani watu wa miwani walikuwa na haraka ya kurudi kula.

Vibali vyangu viliisha wakati huo. Nililipeleka ombi mapema, kama mtu anayeogopa sheria. Nikamkuta Edinah peke yake kwenye ofisi yenye meza nyingi kuliko watu. Akanipa kiti, akalipokea ombi langu, akagonga muhuri wa mapokezi.

"Sasa mkaguzi atakuja lini?" nikamuuliza.

"Hajati, mkaguzi hayupo."

"Yuko safarini?"

"Amepunguzwa."

"Basi atarudi lini?"

Akanitazama kwa huruma, kama nesi anavyomtazama mgonjwa aliyeuliza swali la kitoto. "Hajati, mtu aliyepunguzwa harudi."

"Na hili ombi langu?"

"Nimelipokea," akasema. "Hiyo ndiyo kazi niliyoachiwa. Lakini nitawapigia Kampala kila siku, mpaka wanichoke."

Mheshimiwa, mpango wako unaitwa wa kurahisisha, na kwa kweli mambo yamerahisika. Zamani ukija hapa na ombi bovu, ulikataliwa na watu wengi, kila mmoja kwa meza yake. Siku hizi unakataliwa na meza zenyewe.

Mimi pia nilipiga simu Kampala. Kijana mmoja mwenye sauti tamu akaniambia, "Mama, ombi lako liko kwenye foleni." Nikamuuliza kama mbele yangu kuna watu wengi. Akasema, "Hapana mama, foleni si ndefu. Ni kwamba haisogei." Nakuhakikishia, Mheshimiwa, kijana huyo ni mkweli, na naomba asije akapunguzwa kwa ajili ya maneno yangu.

Basi nikafanya kama sheria inavyotaka. Bunduki zangu zote za Mbale nikazipeleka kwenye ghala la kituo cha polisi, kituo ambacho leo sitakitaja jina kwa sababu wenyewe wako humu na wamenyoosha nguo vizuri. Askari wangu nikawapa rungu na filimbi.

Sasa, kule Mbale, kwenye eneo la viwanda, nina mteja anaitwa Bwana Odhiambo. Ni Mkenya, ana ghala la mahindi, na malori yake yanapita mpaka wa Malaba karibu kila siku. Yule pale, mwenye shati la mistari. Alipomwona askari wake ameshika rungu, alinipigia simu akiwa amepandisha sauti.

"Mama Swabrah, mimi nilikodi bunduki, wewe umeniletea filimbi?"

"Bwana Odhiambo, kibali kinakuja."

"Kinakuja na nini, na punda?"

Nikacheka. Lakini nilimwambia jambo moja la kweli: kwamba askari niliyempa ni Wanyera. Nikamwambia, huyo hata ukimpa kijiti, hatakukimbia.

Wanyera ndiye yule amekaa kule nyuma na mkewe Khainza. Usisimame, Wanyera, najua hupendi kutazamwa. Ni mtu wa Mbale, mpole, maneno yake machache. Kwenye kampuni yetu wenzake wanamtania kwamba akisalimiwa asubuhi anajibu jioni. Alikuwa mlangoni pa ghala hilo mchana mmoja, mvua imetoka kunyesha, vijana wanapakia magunia kwenye lori, Odhiambo yuko ndani anazozana na dereva wake.

Zikaja boda boda mbili. Wakashuka wanaume watatu waliovaa kama wabeba magunia. Wanyera akawaambia wapakiaji wametosha. Mmoja akafungua koti, akatoa bunduki fupi, akamwambia kwa Kiswahili kile ambacho wengi wenu mnakikumbuka: "Lala chini!"

Wanyera akapiga filimbi.

Najua mnacheka. Hata mimi nilipohadithiwa mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia. Fikirini mtu anaelekezewa mdomo wa bunduki, na serikali yake imemwachia filimbi. Akapiga hiyo aliyo nayo. Na filimbi ile ilimshangaza mwizi, kwa sababu alitegemea mtu alale au akimbie, hakutegemea kupulizwa kama gari lililoegeshwa vibaya. Aligeuka kidogo kutazama nani anaitwa. Hapo Wanyera akampiga rungu la mkono. Bunduki ikalia, risasi ikampasua Wanyera nyama ya bega, kisha bunduki ikaanguka kwenye matope. Vijana wa magunia wakashuka na makoleo. Wezi wakapanda boda zao, wakatokomea.

Odhiambo alitoka akamkuta askari wangu amekalia bunduki. Ndiyo, ameikalia, kama kuku anavyokalia mayai, ili mtu yeyote asiiguse. Damu inamtoka begani.

"Bwana, twende hospitali," Odhiambo akamwambia.

"Hapana. Kwanza hii kitu iende polisi," Wanyera akasema. "Kitu kama hii haiwezi kulala nje."

Ndugu wageni waalikwa, huyo ndiye raia ambaye kila serikali duniani inasema inamtafuta. Akaifunga bunduki ndani ya gunia tupu, akapanda boda, Odhiambo nyuma yake akimshika asianguke, wakaenda kituoni. Kituo kile kile ambacho bunduki zangu zilikuwa zimelazwa.

Afande wa kaunta akafungua gunia. Akatazama. Akauliza swali la kwanza, na Odhiambo ni shahidi wangu.

"Kibali cha hii bunduki kiko wapi?"

"Afande, hii si yangu. Iko ya mwizi."

"Mwizi ana kibali?"

"Afande, mimi sikumuuliza."

"Wewe unafanya kazi wapi?"

Akataja kampuni yangu. Afande akafungua kitabu chake, akaona kampuni yangu vibali vimekwisha. Na hapo, Mheshimiwa, akili ya serikali ikafanya hesabu zake. Kampuni haina vibali. Askari wa kampuni amekutwa na bunduki. Kwa hiyo kampuni inatumia bunduki za kichinichini. Wakamfunga bega bendeji, nashukuru kwa hilo, kisha wakamfunga pingu.

Nilifika Mbale kabla jua halijatua. Nikamwambia mkubwa wa kituo: "Afande, bunduki zangu zote ziko hapa kwako, nyuma ya ukuta huo. Fungua mlango uzitazame. Zote zipo. Hiyo ya mwizi si mojawapo."

Akanijibu kwa heshima, na nampenda kwa heshima hiyo: "Hajati, mimi naona. Lakini kuona kwangu si ukaguzi. Nataka neno la ofisi ya vibali kwamba bunduki hii haikuwa yenu. Mkaguzi wao akithibitisha, hata leo anatoka."

"Mkaguzi wao amepunguzwa."

"Basi tumsubiri mwingine."

"Hakuna mwingine."

"Hajati," akasema, "hilo haliko kwenye mamlaka yangu."

Mmeona uzuri wake? Hakuna mtu mbaya katika hadithi hii. Kila mmoja alikuwa mpole, kila mmoja alinipa kiti. Nilipewa viti vingi sana kipindi kile, kiasi kwamba ningeweza kufungua ukumbi wa harusi. Wanyera akapelekwa mahakamani, akasomewa shtaka la kukutwa na silaha bila kibali, akarudishwa rumande. Kesi ikaahirishwa kwa kusubiri neno la mkaguzi. Ikaahirishwa tena. Mwizi mwenye bunduki yuko nje anatembea, pengine ameshanunua nyingine, maana yeye hakai kwenye foleni ya Kampala. Aliyemnyang'anya yuko ndani.

Sasa naomba jenereta lizimwe kidogo. Bruhan, waambie. Ahsante.

Wanyera akiwa rumande, mama yake alifariki. Alikuwa mgonjwa tangu zamani, na mwanawe ndiye aliyekuwa akimnunulia dawa na kumbeba mgongoni kumtoa nje apate jua. Khainza alikwenda kuomba mumewe aruhusiwe kuzika, hata chini ya ulinzi. Wakamwambia linahitaji idhini, na idhini iliombwa, nayo ikaja. Ilikuja wakati kaburi limekwisha kukaushwa na jua. Mimi nilikuwepo kwenye mazishi hayo, kule mlimani. Ilipofika zamu ya mtoto wa kwanza kutupia udongo, mchungaji aliita jina la Wanyera kwa mazoea. Khainza akachukua koleo yeye.

Mheshimiwa, mpango wako ulipokuwa ukihesabu waliopunguzwa, sijui kama ulimhesabu huyo mama.

Washeni jenereta. Sitaki mle chakula na machozi, tena bwana wa picha ametoka mbali.

Baada ya mazishi nilimchukua Khainza, tukaja naye hapa Jinja. Nilitaka tu aseme yeye mwenyewe, kwa sababu mimi nilishasema mpaka sauti ikaisha. Edinah alimpa kiti, kama kawaida. Lakini safari hii hakukaa yeye. Alisikiliza amesimama mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Bunduki yenyewe iko kituoni bado?"

"Iko," nikasema.

"Na namba yake inasomeka?"

"Sijui, mama. Mimi sijaishika."

Akasema, "Kesho sitafungua ofisi." Khainza akashtuka akauliza, "Na watu wakija?" Edinah akamjibu, "Watakuta mlango. Mlango utawaambia yale yale ninayowaambia mimi."

Akapanda taxi kwenda Mbale, kwa nauli yake, bila gari la serikali wala dereva, maana Zubairi siku hizi anachoma nyama Mafubira na sikilizeni, anachoma vizuri kuliko alivyoendesha. Akafika kituoni, akaomba kuonyeshwa bunduki. Akaisoma namba. Akafunguliwa ghala, akazitazama na zangu, moja moja. Akarudi Jinja, akatafuta kwenye vitabu vya ofisi kama bunduki ile imewahi kuwa yetu au kuombwa na kampuni yangu. Haikuwahi. Si kazi ya ajabu hiyo, ndugu zangu. Mtu yeyote mwenye macho na ruhusa angeifanya. Wenye macho tulikuwa wengi. Wenye ruhusa mlikuwa mmewapunguza.

Akaandika uthibitisho kwa mahakama. Mahali palipoandikwa "Mkaguzi", akapiga mstari, akaandika: "Edinah Nafuna, aliyebaki."

Hakimu, mama mmoja mkali wa kule Mbale, aliisoma sahihi hiyo kwa sauti. Akavua miwani. Akamuuliza mwendesha mashtaka, "Aliyebaki ndiyo cheo gani?" Mwendesha mashtaka akasema hajui. Hakimu akasema, "Mimi nakijua," akaifuta kesi. Wanyera akatoka siku hiyo hiyo. Hakuja nyumbani. Alipitiliza mlimani kwa mama yake, na hatukumfuata.

Mngedhani hadithi inaishia hapo, tupige vigelegele. Lakini mbona tumekusanyika? Kadi ya mwaliko, iliyochapishwa kwa rangi ya dhahabu, inasema Bi Edinah "anastaafu kwa hiari baada ya utumishi uliotukuka". Bi Edinah, samahani, nitasema ulichoniambia, na ukinikasirikia nitakuja kwako na mchele.

Baada ya kesi ilimjia barua ikimtaka ajieleze kwa nini alifanya ukaguzi ilhali yeye ni afisa mapokezi. Nilimkuta anaandika majibu.

"Umewaambia nini?" nikamuuliza.

"Nimewaambia kuna mtu alikuwa ndani, na mimi nilikuwa nje na kalamu."

"Basi tu?"

"Hajati, kuna kingine?"

Hakikuwepo. Barua ya kwanza ilimuuliza kwa nini amefanya kazi. Ya pili ikamwarifu kwamba hana kazi. Kisha ndipo mkaja na mahema, na keki, na saa ya ukutani yenye nembo kama zawadi. Mmempa saa mtu ambaye mmemnyang'anya pa kuwahi! Hata hivyo ni saa nzuri, nimeigusa, haina vumbi.

Na mimi nisiwe mchoyo wa shukrani, kwa sababu mpango huu umenifikia hata mimi. Leo asubuhi, nikiwa najifunga gomesi, vazi langu la sherehe, kuja hapa, simu ililia. Ujumbe kutoka Kampala. Naomba niusome: "Ndugu mteja, ombi lako limekubaliwa. Fika ofisi ya Jinja na silaha zako zikaguliwe na Bwana Ojwang." Ofisi inafungwa leo! Bwana Ojwang, uko wapi? Yule pale, anakula karanga. Bwana Ojwang, mkaguzi wangu, una miadi nami, na serikali imekuandika jina. Anatikisa kichwa. Anasema ana kuku wa kulisha.

Ngojeni, nakaribia kumaliza, Mheshimiwa, nimemwona mlinzi wako anatazama gari.

Sisi wenye kampuni za ulinzi tulikaa tukamwita Edinah. Tukamwambia, njoo ufanye kazi kwetu, tutakulipa vizuri, utatupelekea maombi yetu huko Kampala na kuwasumbua mpaka wakome. Tulidhani atafurahi. Alituheshimu, akatusikiliza, kisha akasema, "Hajati, sitaki kazi yenu. Nataka kazi yangu." Mmoja wetu akamwambia kazi hiyo haipo tena. Akasema, "Ipo. Watu wanakuja kila siku kuiulizia. Kilichoondoka ni mtu wa kuifanya."

Kwa hiyo amekata rufaa. Hakustaafu kwa hiari, na kadi ya dhahabu haimbadilishi. Rufaa hiyo iko kwenye meza yako, Mheshimiwa Kamishna. Kijana wa sauti tamu ameniambia iko kwenye foleni. Mimi sikutukani. Umri wangu hauniruhusu, na pilau ya leo nimechangia. Nakuuliza tu mbele ya watu hawa, na Sheikh na Mchungaji wakisikia: utaisoma? Si kuikubali. Kuisoma. Maana bado kuna watu wengi upande huu walioko mlangoni na filimbi, na siku mmoja wao atakapokuwa kama Wanyera, nani atapanda taxi kwenda Mbale?

Sina zawadi ya kumpa Edinah. Lakini Wanyera amenifuata asubuhi na ombi lake. Alisema hajui kuhutubia, wala hana kitu cha kubeba, ila angependa yeye ndiye amnawishe mikono Bi Edinah kabla ya chakula. Utaratibu wa Bruhan unasema anawe kwanza Mgeni Rasmi, kisha ujumbe wake, kisha madiwani. Bruhan, utaratibu wako ni mzuri, uuweke pembeni kidogo. Mheshimiwa atavumilia. Sisi tumekaa kwenye foleni zake muda mrefu, na yeye akikaa kwenye yetu mara moja hatapungua.

Wanyera, sasa simama. Chukua birika, na Khainza achukue beseni. Pita katikati hapa, usizunguke nyuma ya mahema. Anza na yeye.

Mimi nimefika mwisho. Nawashukuru mlionisikiliza kwa kupenda, na zaidi nawashukuru mlionisikiliza kwa kuwa hamkuwa na pa kutokea.